Habasoda Kwenye Kola ya Koti

Barasa ndiye aliyenitaka niandike haya. Yeye ni dereva wa boti za mpira kwenye meli ya watalii, Mkenya wa Busia, na karibu kila ninachokijua kuhusu kazi ile nilikipata kwake. Alinipigia simu akasema vijana wanne wa kwetu wanaingia msimu huu, wawili wa Mombasa, mmoja wa Tanga, mmoja amezaliwa hapahapa Brooklyn Park, Marekani, na kwamba wanahitaji kitu cha kusoma zaidi ya kitabu cha kanuni, ambacho yeye mwenyewe hajawahi kukimaliza. Nilimjibu kwamba nina miaka ishirini na tisa, na watu wa umri huo hawaandiki kumbukumbu za kazi.

"Umestaafu ama hujastaafu?" akauliza.

"Nimestaafu."

"Basi andika kama mstaafu. Na usiandike vile unavyofikiria, tutakesha."

Nimestaafu kweli. Nimeshusha wageni kwenye barafu ya kusini mwa dunia kwa misimu sita, na tangu Aprili naendesha gari kila asubuhi kwenda Inver Grove Heights, kwenye maabara inayopima maji ya visima, ambako hakuna kiumbe anayeninyea magambuti. Kuhusu vyeo na mshahara sina la kusema. Vyeo nilipata viwili, na cha pili kilitofautiana na cha kwanza kwa rangi ya kofia.

Nilianzia maziwani. Nilipomaliza chuo na shahada ya biolojia, kazi niliyoipata ilikuwa kusimama kwenye miteremko ya kushushia boti, huku Minnesota, nikikagua kama kuna magugu au konokono wa kigeni waliong'ang'ania chini ya boti kutoka ziwa jingine. Wenye boti walikuwa wapole lakini wenye haraka. Mimi nilikuwa mpole na mwenye shaka. Boti moja niliikagua mara nne, na mwenyewe akaniuliza kama nataka kuinunua. Usiku nilikuwa nawaza ile ya saa tatu asubuhi, kama niliangalia vizuri chini ya injini. Kwa hiyo nilipoona tangazo la meli ya watalii inayotafuta mtu wa kuhakikisha wageni hawapeleki mbegu wala uchafu nchi ya barafu, nilijua kwamba hatimaye kuna mahali ambapo ugonjwa wangu ni sifa.

Mama hakufurahi. Alinilea peke yake tangu Tanga, na hapa anahudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunza, zamu ya asubuhi. Alinitazama kama niliyesema naenda kuishi kwenye friji.

"Baridi ya Brooklyn Park haikutoshi?"

"Kule ni majira ya joto, mama."

"Joto la nyuzi ngapi?"

Nikamtajia. Akacheka mpaka akakaa.

Siku yangu ya kwanza kushuka pwani niliifikia nikiwa nimetapika siku mbili mfululizo, kwa sababu bahari ya kwenda kule haina adabu. Barasa alinikuta kwenye chumba cha magambuti nikiwa nimevaa jaketi la kujiokolea nyuma mbele. Akaligeuza, akanipandisha kwenye boti. Tulipokaribia mawe nilitaka kuruka. Akanishika mkono, si kwa kiganja, bali kwa kukamata mkono wangu chini kidogo ya kiwiko na mimi nikimkamata vivyo hivyo. Shikeni hivyo kila mgeni. Kiganja kilicholowa huteleza. Mkono ulioshikwa hivyo hautoki.

"Usiruke," akasema. "Kaa kwa ukingo, geuza miguu, ingia kwa maji taratibu. Halafu simama. Piga hodi."

"Hodi kwa nani?"

"Kwa wenyewe."

Wenyewe walikuwa mamia, weupe kwa mbele na weusi kwa nyuma, wamesimama kwenye mteremko wakipiga kelele kama ukumbi wa harusi kabla ya bibi harusi kufika. Nikasema hodi. Hakuna aliyenikaribisha. Kilichonipokea ni harufu, na ajabu ni kwamba niliijua: uduvi, wale kamba wadogo. Pengwini wanakula vidudu vya baharini vinavyofanana na uduvi, na wanachokitoa kina rangi ya waridi na harufu ya kikapu kilichosahauliwa juani. Wageni waliziba pua. Mimi nilikumbuka jikoni kwa bibi, na tumbo langu likatulia kwa mara ya kwanza tangu tuondoke bandarini.

Hodi ile si utani. Ukisimama kupumua mara moja kabla ya kupiga hatua, utaona sili, yule mnyama mnono wa baharini, amelala, nawe ulidhani ni jiwe. Nimewaona waongozaji wenye uzoefu wa miaka wakimkanyagia mkia.

Mengine mtayajua wiki ya kwanza. Mita tano kutoka kwa pengwini, na zaidi kwa sili wenye manyoya, ambao wanang'ata. Pengwini ana haki ya njia. Wana vijia vyao kwenye theluji, vilivyochimbika kwa miguu, na mgeni havikanyagi, kwa sababu shimo la gambuti ni handaki kwa mwenye miguu ya urefu ule. Pengwini mmoja alikaa katikati ya njia yetu akalala, na watu ishirini wakasimama nyuma yake dakika arobaini, nami nikiwaeleza habari za barafu mpaka nikaishiwa, nikaanza kuwaeleza habari za visima. Mtu hakai chini, hapigi magoti, haweki begi wala kofia ardhini. Humfukuzi mnyama hata akija mwenyewe. Wewe ndiye unayerudi nyuma. Na kesi ngumu kuliko zote si mgeni mkorofi, ni mgeni mwenye huruma. Mama mmoja alinishika koti akilia kwa sababu ndege wa kahawia alikuwa anambeba kifaranga wa pengwini, akitaka nifanye kitu. Kazi yetu pale ni kutofanya kitu. Sikuwahi kulizoea hilo, na sitawadanganya kwamba mtalizoea.

Ofisi yangu ilikuwa chumba cha ukaguzi. Vifaa vyangu vilikuwa mashine ya kufyonza vumbi, brashi ya meno, kikoleo chenye ncha nyembamba, taa ya mezani, na beseni la dawa ya waridi ya kuloweka magambuti. Kila mgeni alileta kila alichokusudia kuvaa. Nilifyonza mifuko, mapindo, soksi, na hasa zile kanda za kunata kwenye mikono ya makoti, ambazo mbegu za majani hupenda kuliko udongo. Sababu mnaijua: kule karibu hakuna kinachoota. Mbegu moja ikishika, inaweza kusambaa kwenye ardhi ambayo haijawahi kuwa na mgeni wa namna hiyo. Kufikia msimu wa tatu wageni walikuwa wananiogopa, na kiongozi wetu wa msafara, mama wa Kinorwe aitwaye Solveig ambaye hasifu mtu, alisema chumba changu kinamridhisha. Niliirudia sentensi hiyo kichwani mwezi mzima nikitafuta kasoro yake.

Kabla ya msimu huohuo wa tatu nilikuwa nyumbani na kikohozi. Mama alitaka nichukue habasoda, zile punje nyeusi tunazonyunyiza juu ya mikate, ambazo kwetu hufungwa kwenye kitambaa mtu akazinusa anapobanwa na mafua.

"Hapana, mama. Hizo ni mbegu. Kule mbegu ni mwiko."

"Dawa ni mbegu?"

"Ni mbegu."

Akanyamaza. Ningepaswa kukiogopa kimya kile. Mama hanyamazi akiwa amekubali.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya jua, kwenye ghuba moja ambayo sitaitaja. Melini nilikuwa nimempa shida mzee mmoja aitwaye Dale, dereva mstaafu wa basi la shule kutoka Lakeville, jirani yetu kabisa. Nilikuta unywele wa jani kwenye soksi yake. Nikamrudisha akafyonze upya, mara tatu, na mbele ya watu nikamwambia, "Mbegu moja inatosha." Akaitikia kwa upole wa watu wa huku, ule ambao hujui kama umesamehewa au umeandikwa.

Pwani nilipangiwa kusimama kwenye kijia cha pengwini na kijiti cha bendera, nikiwasimamisha wageni wanyama wapite. Jua likapanda. Nikafungua koti la nje. Ndani nilikuwa na koti langu la kijani la mtumba, nililolipenda kwa kuwa kola yake ilifika puani. Niliinama kuchomeka bendera, na mbele ya magambuti yangu, juu ya theluji, pakaanguka vidoa vyeusi.

Nilidhani ni mchanga. Nikaokota kimoja. Kilikuwa na pembe tatu ndogo, na kilinukia nyumbani.

Nilishika kola. Ndani ya bitana, nyuma ya shingo, palikuwa na uvimbe laini wa ukubwa wa gololi, na kando yake mshono niliouelewa mara moja, kwa sababu ndio mshono wa kila gauni nililowahi kuvaa. Mama alikuwa amenifichia dawa mahali pa kunusia. Kitambaa kilikuwa kimechanika, na punje zilikuwa zimesafiri ndani ya koti mpaka zikapata tundu.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimelifyonza koti lile, nje na mifukoni. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetia saini kwamba ni safi.

"Binti," sauti ikasema. Alikuwa Dale. Alitazama theluji, kisha akanitazama mimi. "Ulisema ngapi zinatosha?"

Kabla sijajibu, akaja ndege. Ni ndege mweupe wa ukubwa wa kuku, ambaye wageni humwona malaika hadi wamwone anavyokula. Hula chochote. Alikuja akitembea, kichwa upande, akanyoosha shingo kwenye ukingo wa vile vidoa, akadonoa mara moja. Siruhusiwi kumfukuza. Dale akavua kofia ili afunike.

"Hapana! Kofia haiwekwi chini!"

"Basi niweke nini?"

"Simama. Hapo. Usimsogelee yeye, simama tu."

Akasimama juu ya punje, miguu imetanuka, mikono imefunguka, kama golikipa wa miaka sabini. Ndege akamtafakari, akaona hakuna faida, akaondoka.

Nilikuwa na kama nusu dakika. Kundi jingine la wageni lilikuwa linapanda mteremko. Ningeweza kuinama, kukusanya, kufunga koti. Aliyeona ni mmoja tu, na hakuonekana msemaji. Kama nisingefanya hivyo, ningepoteza chumba changu, pengine kazi, na ingebidi nieleze kwa nini: kwamba ni mama. Nilibonyeza redio ya upepo kwenye masafa ya madereva na kusema kwa Kiswahili.

"Barasa, nimemwaga mbegu."

"Za nani?"

"Zangu. Za mama. Kwenye koti. Habasoda."

"Zile za kuweka kwa mkate?"

"Ndizo. Nikiziokota haraka hakuna atakayejua."

"Msomi, sikia. Ukiokota peke yako, utaokota zile unaona. Tukiwa watu sita tutaokota zile huoni. Unamwambia Solveig, ama nimwambie mimi?"

Nilimwambia mimi. Niliona kofia yake nyekundu ikigeuka kule ufukweni, ikaanza kuja. Hakunigombeza. Alisema, "Usisogeze hata mguu," akafunga sehemu ile, akawarudisha wageni melini. Nusu ya watu waliokuwa wakisubiri zamu yao hawakushuka asubuhi ile, wengine wakiwa wamesubiri safari hiyo maisha yao yote, na sababu yake nilikuwa mimi. Nilisimama kama nguzo muda wa saa moja na nusu huku wenzangu sita wakichuchumaa kunizunguka na vikoleo, Barasa akiwa mmoja wao, miwani imeshuka puani. Zilipatikana sitini na tatu. Theluji ya juu ilikwanguliwa ikapelekwa melini kwenye ndoo, ikayeyushwa, ikachujwa kwa chujio la chai la jikoni. Zikapatikana nne.

Solveig alilitia koti kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga kwa gundi. "Usiufungue mpaka ufike kwenu," akasema. Kisha akauliza, "Kwa nini hukulikagua?"

"Nililikagua."

"Nani alikuona ukilikagua?"

Hakuna. Ndiyo maana leo mtakaguana wawiliwawili, na hakuna anayetia saini kwa nguo zake mwenyewe. Mkiulizwa kanuni hiyo ilitoka wapi, sasa mnajua. Ilitoka Brooklyn Park.

Nilitolewa kwenye chumba cha ukaguzi, nikaosha magambuti ya wageni hadi mwisho wa safari ile. Kila Dale alipokuja kuinua mguu wake mbele ya brashi yangu, alisema jambo lilelile, "Miguu miwili tu leo, bibi mkubwa." Siku ya mwisho alinishika mkono, kwa ule mshiko wetu wa chini ya kiwiko, akaniambia ameendesha watoto wa watu miaka thelathini na hakumbuki siku aliyofika na basi safi.

Nilirudishiwa chumba msimu uliofuata. Lakini kulikuwa na ule mdono mmoja. Ndege alidonoa nini? Theluji, au punje ya sitini na nane? Na kama ni punje, aliipeleka wapi? Niliwaza kinyesi chake kikianguka chini ya mwamba wenye jua, penye mbolea ya karne nyingi. Misimu mitatu, kila meli ilipofika kwenye ghuba ile, nilijiweka kwenye boti ya kwanza, nikapita kwenye miamba nikitafuta kijani. Mara moja nilikiona. Ulikuwa ukoga wa jiwe, wa asili ya palepale.

"Bado unatafuta shamba lako?" Barasa alikuwa akiniuliza kutoka kwenye boti.

Mama sikumwambia. Mfuko niliusukuma ndani ya kabati, nyuma ya masanduku, na alipouliza koti liko wapi nilisema limeharibika. Yeye ni mtu wa kuomba radhi kwa mvua. Angejua, asingenipa tena hata andazi la njiani. Na kulikuwa na sababu ya pili, ambayo inanitia haya: niliogopa kumuuliza juu ya zile mbegu, kwa sababu sikujua ningefanya nini na jibu. Watu wananiuliza kwa nini niliacha. Huwa nasema magoti. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka kutafuta kijani.

Jumamosi moja ya Mei nilikuwa jikoni nikipiga chafya, hewa baridi ya maabara imenikamata. Mama alitoka kazini, akavua viatu, akateleka kikaango bila hata kukaa. Nikasikia punje zikiruka kwenye chuma.

"Shikamoo mama. Unapika nini?"

"Marahaba. Nakukaangia habasoda. Umeshinda unapiga chafya kama paka."

"Huwa unakaanga?"

"Sasa nani anafunga mbichi? Mbichi haina harufu, halafu inaingia wadudu. Mwanaidi, mbona umekaa sakafuni?"

Nilikuwa nimekaa sakafuni. Mbegu iliyokaangwa haioti.

"Na zile za kwenye koti la kijani?"

Mwiko ukasimama. "Koti gani?"

"Mama."

Akazima moto. "Zile nilizikaanga mara mbili," akasema polepole. "Nilisema huko kuna baridi sana, harufu isije ikalala. Wewe ulijuaje?"

Nikamweleza yote: theluji, ndege, Dale, ndoo, chujio la chai, misimu mitatu ya kuchungulia miamba. Alisikiliza mkono ukiwa mdomoni. Nilisubiri radhi zianze.

"Miaka yote hiyo," akasema, "na simu si ninayo?"

"Niliogopa utajilaumu."

"Nijilaumu? Mimi nilikaanga! Walikufukuza?"

"Walinioshesha viatu."

"Wewe? Hapa hata kikombe huoshi!" Akaanza kucheka, nami nikacheka pale sakafuni, pua inachuruzika, mpaka jirani wa chini akagonga dari lake.

Mtadhani niliishia hapo. Hamnijui. Jioni ileile nilitoa mfuko kabatini, nikaukata, nikafumua kola kwa mkasi. Zilikuwemo punje tisa. Nikaenda duka la Wasomali nikanunua mbichi, nikahesabu tisa. Nikalowesha karatasi za jikoni, nikazitandaza kwenye sahani mbili, nikaziweka dirishani: kushoto mbichi, kulia za koti. Siku ya kumi kushoto palikuwa na vijimizizi vyeupe. Siku ya kumi na nne palikuwa na kijani. Nilikitazama kijani kile kwa muda mrefu, kwa kuwa ndicho nilichokitafuta misimu mitatu, na kilikuwa kizuri.

Kulia, wiki tatu kamili, hapakuwa na kitu. Karatasi nyeupe, vidoa tisa vyeusi, vimelala vilevile nilivyoviweka. Nilimpelekea Barasa picha. Akajibu, "Shamba limekufa. Pole na hongera." Nilimwandikia na Solveig, nikamweleza. Akaandika maneno mawili tu, kwamba ameiandika kwenye faili.

Kwa hiyo, nyinyi wanne, haya ndiyo ninayoyajua. Pigeni hodi. Kaguaneni. Mkidondosha kitu, semeni kabla hamjainama. Na kabla ya kufunga begi, waulizeni mama zenu wameshona nini na wapi, na msikubali wakinyamaza.

Mama alipita dirishani jana akiwa na sare yake ya kazi, akatazama sahani ya kulia.

"Hizi si nilikwambia?"

"Uliniambia."

"Sasa hukuniamini?"

"Nilikuamini, mama. Nilitaka tu kuziona zimetulia."

Akaichukua sahani, akazimwaga kwenye pipa la taka, akaiosha, akairudisha kabatini. Sikuangalia kama zimeingia zote tisa.